Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kukusanya treni ndogo za zamani, tukiwa huku huku Mwanza

Nimeamua kuandika hii kwa sababu haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya treni kaikuta kwa bibi yake au imetoka kwenye belo la mitumba, anataka kujua ni ya lini, inauzwaje, inawashwaje, na wengi mpaka wananitumia picha wameshaiosha na sabuni ya unga au wameshaichomeka ukutani ikatoa moshi. Kwaiyo majibu yote nayaweka sehemu moja. Mimi naishi Mwanza na haya yote nimeyafanyia huku, kwenye joto letu, unyevu wetu wa ziwa na umeme wetu.

Hivi hizo sio midoli ya watoto tu?

Ni midoli ndio, ila midoli ya wakati ule ilikuwa bati, shaba na chuma cha kumimina, ina mota unayoweza kuifungua na bisibisi ukaitengeneza ukairudishia. Märklin wa Göppingen, Ujerumani, walianza 1859, alafu 1891 kwenye maonyesho ya Leipzig wakaleta reli za vipimo maalumu, yani leo unanunua kichwa, mwakani behewa, mwaka unaofuata reli za kuongezea na vyote vinaingiliana. Marekani wakaja Lionel mwaka 1900. Uingereza alikuwepo Frank Hornby wa Liverpool, yule mwenye kampuni ya Meccano, ya midoli ya vipande vya chuma vya kuunganisha, akaanza kuuza treni za kujaza kwa ufunguo 1920, na miaka miwili baada ya yeye kufariki kampuni yake ikatoa Hornby Dublo, treni za saizi ndogo zaidi, hiyo ilikuwa 1938. Mimi nikisema za zamani namaanisha za kabla ya 1970 hivi. Za baada ya hapo nazo nzuri tu ila sizijui kwa undani ule.

Wewe ilikuaje mpaka ukaingia huku?

Soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza, kwenye fungu la midoli ya mitumba. Mama mmoja alikuwa amemwaga chini madoli yasiyo na mikono, magari yasiyo na matairi, na katikati pale kuna kitu cheusi kizito kuliko saizi yake. Nikakishika. Kichwa cha treni kifupi, magurudumu sita, ubavuni namba 47606, kiungio cha nyuma kimekatika. Mama akaniambia chukua hilo gari la mwanao elfu tatu, nikamwambia shikamoo mama, naomba uniwekee dakika kumi nikatoe hela, maana mfukoni nilikuwa na nauli tu, na nilikimbia kweli kweli.

Nikampelekea mzee mmoja fundi redio kule Makoroboi. Akaigeuza chali, akavaa miwani, akachukua kibano akaanza kuvuta nyuzi za bluu zilizojiviringisha kwenye ekseli, nyuzi za zulia hizo, zulia la sebuleni kwa mtu huko Uingereza, zimekaa mle miaka yote na zimesafiri na treni mpaka huku. Alizivuta nyingi mpaka zikawa kama kijipira. Akafuta ile shaba ya kwenye mota na pamba yenye spiriti, akadondosha tone moja la mafuta ya cherehani kila upande, akagusisha waya mbili za volti 12. Kimya. Akasukuma gurudumu kwa kidole gumba kidogo tu, ikatoa cheche ya bluu, ikalia kama nyuki kwenye chupa, na ile harufu ya mafuta ya moto ikatoka, magurudumu yakaanza kuzunguka. Hata pesa hakutaka, aliniambia kijana hii mota imetengenezwa na watu waliotaka mtu mwingine aje aitengeneze.

Baadae ndio nikajua ni Jinty, aina ya kichwa kidogo cha mvuke cha Uingereza, iliyotengenezwa na Tri-ang. Tri-ang ilikuwa mali ya Lines Bros, hao hao waliinunua Meccano mwaka 1964 na mwaka uliofuata wakaanza kuuza kwa jina la Tri-ang Hornby, kwaiyo ukikuta boksi lina majina yote mawili usidhani ni feki.

Mwanza zinapatikana wapi sasa?

Mitumba kwanza. Mlango Mmoja, na popote wanapofungua mabelo ya midoli, ila uwahi asubuhi na uwe na urafiki na wauzaji, mimi nimewaachia picha kwenye simu wakiona kitu chenye magurudumu ya chuma wananipigia. Pili nyumba za watu wazima wa mjini, familia zilizokaa Mwanza toka enzi za mkoloni, kuna vitu viko stoo kwenye makasha ya chai havijaguswa miaka hamsini. Hapo nenda kwa adabu, usiende kama dalali. Kaa, kunywa chai, sikiliza habari ya mwenye nacho. Mara nyingi historia ya ile treni, nani aliletewa, ilikuja na meli gani, ina thamani kuliko hata treni yenyewe na ikikupita hutaipata tena. Tatu ni kuagiza nje, nitalisema huko chini.

Nianze na aina ipi? Naona namba nyingi sijui O, sijui OO, sijui HO

Hizo ni saizi. Zipo nyingi ila kwa mtu anayeanza huku shika hizi tu.

O ni kubwa, reli yake upana milimita 32, humu ndio kuna Hornby za ufunguo na Lionel za umeme. Za ufunguo nazipenda kwa sababu hazijui kama umeme umekatika. OO ni ya Waingereza, ukubwa ni moja kwa 76, reli milimita 16.5. HO ni ya Ulaya bara na Marekani, moja kwa 87, na reli ni hiyo hiyo 16.5. Umeona hapo? Reli sawa ila treni za Uingereza ni kubwa kidogo, maana yake treni ya OO inatembea kwenye reli nyembamba kuliko inavyostahili, ukipiga hesabu ni kama Waingereza wangekuwa na reli ya meta 1.25 badala ya 1.435. Wanalijua na wamelizoea. Alafu kuna N, milimita 9, ambayo Arnold wa Ujerumani waliileta 1962, nzuri kwa mwenye chumba kimoja ila kuitengeneza inataka macho na mikono isiyotetemeka.

Ushauri wangu anza na OO ya Tri-ang ya miaka ya 50 na 60. Kwenye mitumba ya Uingereza ndio inatokea sana, spea zipo nyingi mno, mota ni nyepesi kuelewa, na ukikosea hujaua kitu adimu.

Nina Hornby Dublo nikaiweka kwenye reli za Tri-ang inapiga shoti, imekufa?

Haijafa. Dublo za mwanzo ni za reli tatu, reli ya katikati ni upande mmoja wa umeme na reli mbili za nje ni upande wa pili, kwaiyo magurudumu yake ni chuma tupu kulia na kushoto yameungana. Ukiiweka kwenye reli mbili umeunganisha pozitivu na negativu moja kwa moja. Ni 1959 ndio Dublo walianza kutoa za reli mbili. Igeuze uangalie chini, ukiona kipande cha chuma katikati kinachochezacheza kama ulimi, hiyo ni ya reli tatu, itafutie reli zake.

Nimepewa treni ya zamani na transfoma yake, niichomeke?

USICHOMEKE. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu mtu anaweza kufa. Waya wa zamani una ganda la mpira, ukikaa miaka 60 ule mpira unakuwa kama biskuti, ukiukunja unapukutika na shaba inabaki wazi. Tena plagi za Uingereza zinaingia kwenye soketi zetu bila adapta, ndio maana watu wanajaribu haraka haraka. Transfoma ya zamani iweke kabatini kama pambo, nunua chanzo kipya cha umeme, mota haijui tofauti.

Za Marekani ni hatari zaidi, transfoma za Lionel ni za volti 110 mpaka 120 na umeme wa kwao unapiga mara 60 kwa sekunde, wetu ni volti 230 na mara 50, ukichomeka moja kwa moja inaungua palepale. Hata ukitumia ya kushusha umeme ile 50 bado inaifanya ipate joto kuliko ilivyozoea, usiiache muda mrefu.

Alafu usichanganye umeme. Hornby Dublo na Tri-ang ni volti 12 za DC, umeme kama wa betri. Märklin za zamani ni AC, umeme wa aina ya ukutani ulioshushwa, volti 16 hivi, na zinageuza mwelekeo kwa kupigwa volti 24 kwa kufumba na kufumbua. Ukiweka Tri-ang kwenye transfoma ya Märklin mota itatetemeka tu mahali pamoja huku inachemka mpaka inaungua. Lionel nyingi za zamani zenyewe zinakubali vyote viwili.

Umeme ukikatika mnafanyaje?

Betri ya sola. Au ya bodaboda. Volti 12 hizo hizo! Chukua betri, weka fyuzi ya ampea 2 kwenye waya wa pozitivu (usiruke hii, betri ikipigwa shoti inayeyusha waya na kuwasha moto), alafu kile kifaa cha kupunguza na kuongeza spidi ya mota ambacho mafundi wa umeme wanacho, alafu reli. Kichwa kimoja cha zamani kinakula nusu ampea mpaka ampea moja, betri ndogo inakupa jioni nzima. Mtaa mzima giza na treni yako inazunguka na taa yake mbele, watoto wa jirani wote wanakuja kukaa mlangoni.

Naweza kuipaka rangi upya ing'ae?

Hapana jamani. Hapana.

Niwaambie nilichokifanya. Nilipata behewa la bati la Hornby O, la maziwa, maandishi yake yamechapwa moja kwa moja kwenye bati, lina mikwaruzo na kutu kidogo kwenye kona mbili. Nikaona nilisaidie, nikapiga msasa, nikapiga rangi ya kupuliza ile wanayopakia matenki ya pikipiki, nyekundu nzuri sana. Nikalituma picha kwa mtu anayejua. Akakaa kimya siku nzima alafu akaniuliza kama zile picha za mwanzo ninazo. Yale maandishi yalichapwa kiwandani na watu ambao hawapo tena na mashine ambazo hazipo tena, nikayafuta mimi kwa msasa wa shilingi mia tano. Hilo behewa ninalo mpaka leo liko juu ya meza ninayofanyia kazi, silifichi, kila nikishika msasa naliona.

Mkwaruzo ni historia. Kutu ya juu juu izuie isiendelee, paka mafuta mepesi kidogo sana na kitambaa, futa, acha. Kama rangi imetoka basi imetoka. Kitu kinaweza kutengenezwa upya mara mia ila kuwa cha asili ni mara moja tu, na sisi kazi yetu ya kwanza ni kutokiharibu.

Basi kuisafisha je?

Vumbi, brashi laini ile ya kupaka poda. Uchafu uliogandia kwenye plastiki, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya maji kwenye pamba iliyokamuliwa, usipitishe juu ya namba na nembo. Spiriti usiiguse kabisa kwenye rangi, inakwangua rangi kama maji ya moto kwenye manyoya ya kuku. Spiriti ni ya magurudumu, reli na ile shaba ya mota. Reli usipige msasa, mikwaruzo unayoiacha ndio inashika uchafu zaidi.

Mafuta ni ya cherehani, tone moja kwenye ncha ya sindano. Sio mafuta ya kula, sio oili chafu ya gari, sio yale ya kupuliza ya kulegeza nati. Oili ikizidi inaingia kwenye kaboni brashi, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye mota, na treni inaanza kukohoa.

Na sumaku ya mota usiichomoe kama huna sababu. Sumaku za zamani ukiitoa mahali pake bila kuweka kipande cha chuma kuunganisha ncha zake inapoteza nguvu, ukirudishia unakuta treni inakula umeme mwingi na haina mbio. Fundi mzuri wa saa au redio anaweza kukuvurugia hapo kwa nia njema kabisa, mwambie mapema.

Za ufunguo, kabla hujafungua hakikisha springi imelegea yote. Springi ikifyatuka inakata kidole.

Kichwa changu cha chuma kinapasuka chenyewe na kuvimba, ni unyevu wa ziwa?

Unyevu unaongeza kasi ila chanzo ni chuma chenyewe. Vitu vya kumimina vilitengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki, na zinki ikiingiliwa na risasi hata kidogo, basi kutu inaanzia ndani. Inatokea nyufa kama tope la bwawa lililokauka, inavimba, inapinda, mwisho inamomonyoka mkononi kama biskuti iliyodondokewa chai. Za kabla ya vita vya pili ndio zinaumwa sana. Dawa hakuna. Haiambukizi, kwaiyo usitenge na mengine kwa hofu, ila usiibane, usiiendeshe, na ukiwa unanunua omba picha za magurudumu na chini. Magurudumu ya Hornby O ya zamani ndio ya kwanza kuoza na kuna watu wanauza mapya ya kubadilishia.

Kuhifadhi kwa hali ya hewa ya Mwanza?

Usiweke ukuta unaoangalia ziwa, usiweke sakafuni, na usifunge kwenye mfuko wa nailoni, humo jasho linabaki ndani na bati linaota kutu wiki mbili tu msimu wa mvua. Mimi natumia kabati la mbao lenye matundu madogo nyuma niliyoziba kwa wavu wa mbu, maana wale wadudu wa ziwani wakija kwa wingi kama moshi wanaingia kila mahali na wanafia humo. Vile vipakti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vikusanye, vinanyonya unyevu. Maboksi ya karatasi ni chakula cha mchwa na mende kwaiyo kabati usiligusishe ukuta. Na jua moja kwa moja hapana, rangi nyekundu inafifia na plastiki nyeupe inakuwa njano.

Boksi lina umuhimu gani, si nitupe tu?

Ukitupa boksi umetupa kipande cha thamani yake, kuna mabehewa ambayo boksi lake ni adimu kuliko behewa. Hata likiwa limechanika acha hivyo hivyo, usibandike na seloteipu, gundi yake inageuka kahawia na haitoki.

Nitajuaje kwamba sijapigwa?

Kwa kweli kilichotushika wengi sio feki kamili, ni vitu vilivyounganishwa. Bodi ya mwaka huu, mota ya mwaka ule, boksi jipya lililochapwa juzi. Boksi linalong'aa kuliko treni iliyomo ndani, jiulize. Skrubu zenye midomo iliyoliwa zinakwambia imefunguliwa mara nyingi. Rangi angalia ndani ya bodi na chini ya kiungio, aliyepaka upya huwa anasahau huko.

Kuna mfano maarufu, Lionel mwaka 1957 walitoa treni ya wasichana, kichwa cha rangi ya pinki, haikuuzika kabisa wakati ule. Kwa sababu haikuuzika leo ni ghali, na kwa sababu ni ghali watu wanachukua vichwa vya kawaida vya Lionel wanavipaka pinki. Kwaiyo rangi adimu ikitokea kwa bei ya bure mbele ya macho yako, pumua kwanza. Na usitume hela kwa mtu anayekukimbiza kimbiza.

Kuagiza kutoka nje gharama ikoje?

Bei ya kitu ni nusu ya habari. Kuna usafiri, kuna ushuru wa forodha, na VAT asilimia 18 ambayo inapigwa juu ya jumla ya bei, usafiri na huo ushuru. Uliza kabla ya kulipa, sio mzigo umeshafika. Mwambie muuzaji aandike thamani ya kweli. Kununua mabehewa matano kwa mtu mmoja mara moja ni nafuu kuliko moja moja.

Na mwelekeze namna ya kufunga. Mimi nililetewa kichwa na tenda, kile kibehewa cha makaa na maji kinachofuata nyuma ya kichwa, vimewekwa pamoja kwenye boksi moja bila kitu katikati, vimegongana safari nzima, bomba la moshi likafika peke yake kwenye kona. Nikalia kidogo, sioni aibu kusema. Saivi naandika kabisa kila kitu kifungwe peke yake, karatasi laini kwanza ndio ile plastiki yenye mapovu, maana mapovu yakigusa rangi ya zamani kwenye joto yanaacha alama za duara ambazo hazitoki, boksi ndani ya boksi, na ukilitikisa lisilie.

Hii ni biashara? Nikinunua leo baada ya miaka kumi nitauza?

Kama unatafuta faida kafuge samaki kwenye vizimba. Treni za kawaida za miaka ya 50 na 60 zilitengenezwa kwa wingi sana, hazina uhaba. Zinazopanda ni adimu, za asili, zenye boksi, na hizo mtaji wake sio wa kuanzia. Nunua unachokipenda kukiangalia.

Ila andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kitu kiwe na ukurasa wake, ulikinunua wapi, kwa nani, lini, kilikuwa na kasoro gani, ulibadilisha nini na spea ya zamani umeihifadhi wapi. Siku ukiwa haupo watoto wako wasije wakauza kwa kilo.

Mtoto wangu wa miaka mitatu aichezee?

Hapana, rangi za zamani nyingi zina risasi na watoto wanatia kila kitu mdomoni. Mnunulie ya mbao. Kuanzia miaka saba nane hivi mkalishe pembeni yako, mwachie kitufe cha spidi, na mnawe mikono mkimaliza.

Kuna mtu anatengeneza treni zetu? Nataka reli ya Mwanza sio ya London

Hili ndio swali ninalolipenda kuliko yote. Za dukani za zamani hazikujali reli za Afrika Mashariki, na reli yetu ni ya meta moja, kwaiyo hata reli ya OO sio saizi yake. Ila hesabu inakubali. Ukichukua ukubwa wa HO, moja kwa 87, meta moja inakuwa milimita 11.5, na reli za milimita 12 zipo, Bemo wa Ujerumani wanatengeneza treni za Uswisi za saizi hiyo na Peco wa Uingereza wanauza reli zake. Kuna na Tri-ang TT3 ya kuanzia 1957, nayo ni milimita 12, magurudumu na mota zake ni msingi mzuri wa kujengea. Na hapo hapo milimita 16.5 ya HO ni meta 1.435 kamili, yani SGR! Kwaiyo unaweza kuweka reli ya zamani na ile ya Mwanza mpaka Isaka ya kilomita 341 ubavu kwa ubavu na zote zikawa sahihi.

Kwa vipimo na umbo la vichwa vya mvuke, panda basi la Sirari uende makumbusho ya reli Nairobi, yapo toka 1971. Pale kuna Garratt mbili, vile vichwa virefu vya mvuke vyenye injini mbili, za daraja la 59, zilijengwa Manchester na Beyer Peacock, zilikuwa 34 na zote zilipewa majina ya milima. Mbili zilizobaki zinaitwa Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai iko pembeni ya Ziwa Natron, Shengena iko Upare. Milima yetu yote miwili! Nenda na futi na daftari, piga picha za nati na mabomba, sura ya mbele kila mtu anayo.

Mimi nimejenga kipande cha mwisho cha njia ya Tabora, ile iliyofika Mwanza 1928 kufuata pamba ya Usukuma. Plaiwudi, meta mbili na nusu, mawe ya Mwanza nimeyatengeneza kwa vijiwe vya kweli nilivyookota Capri Point maana hakuna rangi inayofanana navyo. Mwishoni ni bandari ya Mwanza Kusini na MV Umoja, ile meli ya miaka ya 1960 inayobeba mabehewa mazima mazima juu ya sitaha yenye reli na kuyavusha ziwa. Meli nimeijenga kwa kadibodi na plaiwudi nyembamba, mabehewa ni ya TT3 niliyoyabadilisha bodi tu, na chini yake sijagusa, ili mtu akitaka kuyarudisha yalivyokuwa aweze.

Mzee wangu alifanya kazi reli, ameacha vitu vyake, vina maana?

Vina maana sana. Taa ya mkono, filimbi, tiketi za kadi ngumu, ratiba, kofia, picha. Viweke pamoja na andika jina lake, kituo na miaka. Ila vipande vya reli yenyewe, nati, mataruma ya chuma, hivyo usinunue kwa mtu yeyote hata akwambie ni chakavu, ile ni miundombinu, inaibiwa na watu wanaweza kupoteza maisha.

Na kama mzee bado yupo, washa rekoda ya simu umwache aongee. Mimi nilimleta mzee mmoja jirani, aliwahi kufanya kazi ya kupakia mabehewa melini pale Mwanza Kusini. Nikamwekea kiti, nikaanza kusukuma mabehewa yangu kwenye Umoja ya kadibodi, njia ya kushoto manne, nikaenda kuchukua la tano. Akanishika mkono. "Mjukuu, meli inalala upande, utaizamisha." Akainama, akachukua mabehewa mawili kwa vidole viwili viwili, akayahamishia njia ya kulia, akarudi nyuma akatazama mdomo wa meli kama ukubwa wake ni ule wa kweli. Alafu akaniambia, haya, leta jingine.